Ndama Mwenye Baka

Miaka hiyo kufuga fahali kulikuwa kosa. Ng'ombe walipandikizwa mimba kwa mbegu za maabara moja, na ndama wote wa Rungwe wakazaliwa wekundu, wasio na doa.

Ng'ombe wa Bibi Tusajigwe hakushika mimba kila alipohudumiwa. Siku moja alikata kamba akaingia msituni, ambako ilisemekana fahali wachache walikuwa wamefichwa. Aliporudi, haukupita muda tumbo likaanza kukua.

Asubuhi moja akazaa ndama mwenye baka jeupe usoni. Bibi Tusajigwe alilia kwa furaha. Baka kama lile hakuwa ameliona tangu enzi za mama yake. Mara akasikia pikipiki ya bwana mifugo ikipanda kilima. Sheria ilitaka ndama aliyetokana na fahali, awe dume au jike, achinjwe papo hapo. Akachota udongo mwekundu, akalipaka baka hadi likapotea.

"Hodi, bibi! Nasikia umepata mgeni."

"Karibu, mwanangu," alijibu huku akifuta mikono kwenye kanga. "Ni jike, mzima kabisa."

Bwana mifugo akasimama mlangoni mwa zizi, akitabasamu. Ng'ombe, kama mzazi yeyote, alikuwa ameanza kumlamba mwanawe usoni.