Usingizi wa Ukarabati

Bomba lilipasuka ghorofa ya tisa, maji yakalowesha kuta za Mwanaidi. Siku hizi wakazi hawahamishwi. Hulazwa kwa dawa ya usingizi humohumo nyumbani mwao mpaka ukarabati uishe.

Alipozinduka siku ya arobaini, kuta zilikuwa kavu, zikinuka rangi mpya. Fundi akamsomea ujumbe wa kaka yake: mama yao alifariki siku ya kumi na mbili, wameshamzika.

"Kwa nini hamkuniamsha?"

"Sheria hairuhusu, dada. Pole sana."

Mwanaidi aliyatafuta machozi, hakuyapata. "Mbona sisikii uchungu?"

"Ni dawa hiyo. Itaisha mwilini baada ya saa sita."

Fundi akakusanya vifaa vyake akaondoka. Mwanaidi akajifunga kanga, akaketi kitandani, akasubiri.