Radhi ya Sadala

Winifrida alifumba jicho moja, lingine akalikaza kwenye darubini. Mwezi hadi mwezi alikuwa akimwomba Mungu azizidishe chembe nyeupe za damu ya Sadala. Aliliona kuwa ombi dogo.

Daktari bingwa wa Dar es Salaam alikwisha kueleza kwamba saratani ya damu aliyokuwa nayo Sadala ni ya taratibu, ila haina mwendo mmoja. Chembe zikiongezeka maradufu kabla ya mwaka kwisha, mgonjwa aage watu wake. Zikitulia, atazeeka nayo bila dawa. Darubini ya kituo cha afya cha Kibiti, ambako Winifrida alikuwa mpima damu, ilitosha kuzihesabu.

Sadala alikuwa katibu wa ushirika wakati wanunuzi binafsi wa korosho walipoingia Rufiji. Ghala la ushirika liliungua. Leodgar, mtunza ghala, mume wa Winifrida, ndiye aliyefungwa, akafia gerezani. Winifrida alijua moto ule ulikuwa wa nani. Shahidi hakuwa naye.

"Niambie tu, dada," alisema Sadala kutoka kwenye benchi. "Mimi si mtoto."

Winifrida alifuta lenzi, hakufanya haraka.

"Zimeongezeka maradufu, Mzee Sadala. Masika hutaiona."

Akaongeza, kwa upole uliomshangaza hata yeye mwenyewe, kwamba si vizuri kuondoka duniani na haki ya mtu, na kwamba radhi ya minong'ono haimfikii aliyedhulumiwa.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, Sadala aliwakalisha barazani kwake. Winifrida, Mkristo wa kutoka bara, alipewa kiti upande wa akina mama. Sadala alitubu kosa moja tu: korosho za ghalani aliziuza yeye, ghala alilichoma yeye, Leodgar alisingiziwa. Watu wakainamisha vichwa. Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa ameketi kati yao na kanzu yake, kama jirani yeyote; yeye hakuinama.

"Nisamehe, dada," alisema Sadala, machozi yakimtoka. "Huko ninakokwenda nimwone Leodgar usoni."

Winifrida alisimama, akakaza khanga yake kiunoni.

"Huendi kokote, Mzee Sadala. Chembe zako hazijaongezeka hata kidogo. Wakupe kifungo kirefu wapendavyo, utakimaliza."