Mngurumo wa Gurudumu la Nyuma

Bader alilizungusha gurudumu la nyuma la gari kwa nguvu ili ausikilize ubovu wake. Beringi zikanguruma. Papo hapo mama yake akatoka jikoni pekupeku, mbio, akafungua geti.

Barabara ya mtaa wao wa Mutanga Nord ilikuwa tupu.

"Ni mi, mama," Bader alisema. "Nilikuwa najaribu gurudumu tu."

Kigari kile cha mbio, kikuukuu, cha milango miwili, kilikuwa cha kaka yake. Kila jioni mama aliusikia mngurumo ule tangu gari likiwa kwenye kona, akateleka chai. Siku ya ghasia za mjini gari lilikutwa mtaa wa Kigobe, mlango wazi, ufunguo ndani. Mwenyewe hakuonekana tena. Sasa Bader na mama walitaka kuhamia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na kwa beringi zile wasingefika hata mpakani.

"Acha ivyo," mama alisema. "Ukiondoa ile sauti, tutamujua namna gani akirudi?"

Bader akalifungua gurudumu. Alizigonga beringi mbovu kwa nyundo na patasi mpaka zikatoka, akazitumbukiza kwenye kopo la mafuta taa. Mpya alizipaka grisi kwa kidole, taratibu, kama anayempaka mgonjwa dawa. Akafunga gurudumu, akalizungusha. Halikutoa sauti yoyote.

Mama akainuka, akaelekea getini.

"Mama, halilii tena."

"Nyamaza," mama alisema. "Iko pale kwenye kona."

Bader akalishika gurudumu kwa mikono yote miwili mpaka likasimama kabisa. Kutoka kwenye kona, mngurumo ule ule wa beringi mbovu ukazidi kukaribia.