Kioo cha Pembe Tatu

"Kiage basi, mama. Wenzake baba wanakifuata saa sita," binti alisema, akimpa Hedwig kile kioo cha pembe tatu cha kutazamia rangi kabla hajakifunga kwenye gazeti.

Kwa miaka arobaini marehemu mumewe aliwaambia watu wa mji wa Jena kwamba rangi hazikai ndani ya mwanga. Huzaliwa pale mwanga unapogusana na giza. Walimu walimcheka. Hedwig alimcheka zaidi, maana kila akikiweka kioo jichoni alisema haoni kitu.

Akakiweka jichoni.

"Unaona nini?"

"Ukuta mweupe."

"Si katikati, mama. Angalia ukingo wa dirisha."

Binti akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza polepole, vilevile alivyokuwa akifanya baba yake. Hata ubaridi wa vidole ulikuwa uleule.

Ukingoni mwa dirisha wekundu ulikuwa umelalia njano, na upande wa pili buluu, kama alivyoziona rangi hizo tangu wiki ya harusi yake.

"Bado sioni," Hedwig alisema. "Hebu nigeuze tena."

Gari likapiga honi nje.

"Mama, wamefika."

"Waambie warudi siku nitakayoona."