Muziki wa Mlango wa Nyuma

"Hapo hapakuwa na ngoma," Msumari alisema. "Palikuwa kimya."

Dobi aliinua pasi, akabonyeza kitufe cha redio. Kaseti ikasimama.

"Kimya kabisa?"

"Nilisikia feni tu. Halafu karani mmoja akapiga kelele, na mwenzangu akamtwanga kitako cha bunduki mdomoni. Meno yakadondoka juu ya kaunta. Hayo niliyasikia."

Dobi aliitikia kwa kichwa, akabonyeza tena. Ngoma zikaendelea kukimbia.

Msumari alikuwa ametoka gerezani siku tisa zilizopita, baada ya miaka kumi na sita. Jina hilo alipewa na majambazi wenzake, nalo lilimganda hadi kifungo kikaisha. Aliulizia mtaa kwa mtaa mpaka akaipata nyumba ya mjane wa mlinzi wa benki ambaye yeye Msumari alimuua. Alikuja amejiandaa kutemewa mate, kupigwa, hata kuitiwa watu. Alipiga magoti mlangoni, akajitaja, akaomba msamaha.

Mjane huyo, ambaye kazi yake ilikuwa udobi, hakupiga kelele. Aliendelea kunyunyizia maji shati la mteja, kisha akamwonyesha stuli kando ya meza ya kupigia pasi.

"Wametengeneza sinema ya siku ile," alimwambia. "Umeiona?"

"Huko ndani tungeionea wapi, dada?"

"Hata mimi sijaiona. Sitaki kumwona mtu mwingine akijifanya mume wangu. Lakini albamu ya muziki wa sinema hiyo ninayo, naisikiliza kila siku nikiwa kazini. Muziki mtupu, picha najitungia mwenyewe. Sasa wewe ulikuwepo. Nitajie zilizo za kweli."

Ndivyo walivyoanza, wimbo kwa wimbo.

Mmoja ulikuwa na tarumbeta na watu wanaopiga makofi, mtamu kiasi cha kumfanya mtu mwema atamani kuiba. Dobi alisema huo ni wa majambazi kupanga mipango. Msumari akacheka bila furaha. Wao walipangia kwenye karakana ya magari, dereva wao akiharisha kwa woga, na hakuna aliyempigia makofi.

Pasi ilifoka mvuke karibu kabisa na mkono wa Msumari uliokuwa mezani. Hakuuondoa. Alijiambia kwamba mama huyu akitaka kumchoma, amchome, ni haki yake.

Dobi akaigeuza kaseti.

"Huu unaitwa Mlango wa Nyuma," alisema.

Ilikuwa fidla moja peke yake, ikilia polepole kama mtu asiyetaka majirani wamsikie. Msumari aliinamisha kichwa.

"Ndio wa mumeo?"

"Ndio wake. Dakika nne na nusu."

"Haikuchukua hata sekunde nne. Alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Nikamwambia alale chini. Akaingiza mkono ndani ya koti. Nikapiga. Ya kwanza ikamwingia tumboni, ya pili shingoni. Akakaa chini taratibu, kama anatafuta kiti, na damu ikawa inaruka kila akivuta pumzi. Nikampapasa ndani ya koti niichukue bastola yake. Nikatoa leso."

"Alisema chochote?"

"Angesemaje, na shingo ile?"

"Alikaa muda gani?"

"Dakika mbili hivi. Mlango uligoma kufunguka, kwa hiyo nilikuwa naye."

"Alijua kwamba anakufa?"

"Alijua, dada."

Dobi alinyoosha mkono wa shati, akaupitishia pasi mara moja, mara mbili, hadi mkunjo wa mwisho ukatoweka. Fidla iliendelea. Msumari akasimulia yaliyobaki harakaharaka, maana hayo hayakuwa na uzito kwake: wenzake wawili walivyochakazwa kwa risasi za polisi kwenye ngazi, dereva alivyopasuliwa kichwa kabla hajaligeuza gari, yeye alivyokanyagwa na mabuti hadi mbavu zikaachia.

Kisha akashika ukingo wa meza.

"Dada, sikuja kujitetea. Lakini hatukupanga kuua. Wiki moja kabla, mtu alisukuma barua chini ya mlango wa karakana. Haikuwa na jina. Mtaa mzima ulijua tunafanya kazi gani pale. Ilitupa kila kitu: saa, njia, zamu za walinzi. Na mwisho ikasema mlinzi wa mlango wa nyuma anaficha bastola ndani ya koti, akiingiza mkono tu, tusimsubiri."

"Hukuwaambia polisi?"

"Ningewaonyesha nini? Dereva aliichoma, na yeye mwenyewe akafa. Nimewachunguza wafungwa, nimewachunguza walinzi, nimeuliza kila aliyewahi kufanya kazi benki ile. Mwandiko wenyewe ulikuwa ovyo, herufi zimelala huku na huku kama za mtoto wa chekechea."

Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta.

"Huyo ndiye aliyemuua mumeo. Mimi nilikuwa kidole tu. Siku nikimpata, naapa, namnyonga kwa mikono hii, kwa ajili yako."

Fidla ikakata. Kaseti ikabaki inakwaruza utupu.

Dobi aliisimamisha pasi, akakunja shati, akaliweka juu ya mengine. Kisha akamtazama Msumari machoni.

"Niliiandika kwa mkono wa kushoto," alisema. "Wa kulia mume wangu alikuwa ameshauvunja."