Chumvi ya Baba Rukia

Shaweji, aliyeacha sigara mwezi uliopita, alitema tonge la wali na mchuzi.

"Chumvi yote hii, Mama Rukia? Unataka kuniua?"

Mkewe alibamiza upawa mezani.

"Miaka yote unaniambia mchuzi wangu chapwa! Naongeza chumvi, unasema bado. Naongeza tena, nakula na wewe, mpaka presha imenipanda. Kumbe ulimi wako uliuawa na moshi! Leo umefufuka, muuaji nimekuwa mimi?"

Akaumwaga mchuzi wote uani, akamtia mumewe kopo la chumvi mkononi.

"Haya, pika. Mwenye ulimi ni wewe."

Shaweji alisimama mbele ya sufuria tupu, mkono wa pili ukipapasa mfuko wa shati, zilikozoea kukaa sigara.