Yai la Pili

Siku ya nne walikuwa bado wamenuniana. Hata hivyo Zuwena alimfuata mumewe mpaka kwenye chemchemi ya maji moto, maana kila kipupwe watu wa mji ule huenda kutazama tumbili wakiota mvuke. Mumewe akatumbukiza kikapu chenye mayai mawili, kama ilivyo desturi.

Mayai yalipoiva, tumbili mwenye mtoto kifuani akaopoa moja, akalipuliza, akaanza kulimenya taratibu.

“Baba Tunu!” Zuwena aliruka, akamshika mumewe mkono. “Ona, analimenya! Ee, anampa mwanawe kwanza!”

Mumewe hakumtazama tumbili. Alikuwa akimtazama yeye.

“Nimeona, Mama Tunu.”

Tumbili akanyoosha mkono kuchukua la pili. Hakuna aliyemfukuza.